Moto ya esansi, moto ya umeme: tufanye hesabu wenyewe

Vijana wenzetu wa Uvira, na ninyi wa Kiliba, Sange, Makobola na Baraka mnaotusoma,

Kila mara video ya moto za umeme za Kigali inapoingia katika magrupu yetu ya WhatsApp, mabishano yanawaka dakika tano kisha yanazimika. Mmoja anasema esansi imekufa, umeme ni karibu bure. Mwingine anajibu: wapi, hapa umeme wenyewe tunausikia kwa majirani, acheni ndoto. Wote wawili wanasema bila kalamu. Sisi wiki hii tumeshika kalamu.

Hatukufanya hivyo kwa kupenda namba. Kati yetu kuko mwenye lisansi ya uchumi, kuko wa sheria, kuko dada mmoja aliyesomea maendeleo ya vijijini, na wote hatuna kazi. Wawili wetu wanavaa jile ya motari kila asubuhi. Moto si zao. Jioni wanapeleka versema kwa mwenye moto, wanatia esansi ya kesho, na kile kinachobaki njo kinaitwa mshahara. Siku nyingine hakibaki kitu. Kwa hiyo tunaposema gharama ya kuendesha, hatusemi jambo la kitabuni. Tunasema kama jioni mtu atakula ao atalala.

Tuanze na esansi, sababu hiyo tunaijua hata kwa harufu.

Hakuna kisima cha mafuta Uvira. Esansi yetu inashuka bandarini Dar es Salaam ao Mombasa, inapanda barabara, inavuka mipaka, nyingine inakuja kwa ziwa kutoka Kigoma mpaka Kalundu. Kila mkono inaopita unabaki na kitu. Kisha inafika hapa na bado haijatulia. Pampu iko na bei yake. Chupa ya Kadhafi kando ya barabara iko na bei yake, na ndani ya chupa hujui kama ni esansi tupu ao kuna kitu kingine kimeongezwa. Kisha kuko Bujumbura. Katika miaka hii ya karibuni jirani zetu wa Burundi wamekauka mafuta mara nyingi, wanavuka Gatumba na Kavimvira kuja kununua hapa kwetu, na wengine hapa kwetu wanajaza bido kuwapelekea usiku. Hatuwalaumu, mtu mwenye kiu anaenda penye maji. Lakini motari wa Mulongwe ambaye hajavuka mpaka hata siku moja anaamka na kukuta bei imepanda, na abiria wake haelewi kwa nini kozi ya jana haitoshi leo.

Njo maana katika hesabu hii hatukuandika bei moja na kuapa kwamba ndiyo. Tumechukua namba za mviringo, rahisi kubeba kichwani. Litri moja ya esansi tuseme 3.000 FC. Kilowati-saa moja ya umeme tuseme 300 FC. Dola moja tuseme 2.800 FC. Kwenu kama ni tofauti, futa, andika yako, njia ya kuhesabu inabaki ileile. Nani asiyejua kilowati-saa ni nini: ni umeme unaotumiwa na pasi ya nguo ya wati 1.000 ikiwaka saa nzima. Hiyo tu.

Moto ya kawaida ya taksi, hizi za TVS na Boxer tunazopanda kila siku, ikibeba watu na kusimamasimama mjini, inakunywa kitu kama litri mbili na nusu kwa kilomita 100. Hiyo ni 7.500 FC. Ongeza vidanji: ukibadilisha oili kila kilomita 1.500 na kila mara unatoa 15.000 FC, kwa kilomita 100 ni 1.000 FC. Jumla 8.500. Buji, ambreyaji, filta tumeviacha nje, motari mwenyewe atajiongezea.

Moto ya umeme inakula kilowati-saa kama nne kwa kilomita 100. Wakati wa kuchaji kuna umeme unaopotea kama joto, kwa hiyo ukutani tuhesabu tano. Mara 300, ni 1.500 FC.

Hapa njo wale wa video wanasimama na kupiga makofi: 8.500 kwa 1.500! Ngojeni kwanza. Betri nayo ni mafuta, tofauti ni kwamba umeinunua yote siku ya kwanza. Inazeeka. Kila chaji inakula kipande kidogo cha maisha yake. Tuseme betri ya kilowati-saa tatu inauzwa dola 600, na inavumilia chaji elfu moja mbele ya kuanza kuchoka sana, kila chaji ikikupeleka kilomita 60. Hiyo ni kilomita 60.000 kwa dola 600, yaani dola moja kwa kila kilomita 100. Weka 2.800 FC juu ya 1.500, inakuwa 4.300.

8.500 kwa 4.300. Karibu nusu. Si bure, na si ndoto pia.

Motari anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, tofauti hiyo inamwachia 105.000 FC. Kwa mwezi mmoja! Tuliposoma namba hiyo kwa sauti, mmoja wa motari wetu wawili alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Hiyo ni nyumba.» Alitaka kusema kodi ya chumba chake.

Kwa gari tulipita haraka, sababu nani kati yetu iko na gari. Ile Toyota ya kukodi inayokula litri nane kwa kilomita 100 inamaliza 24.000 FC ya esansi. Gari ya umeme ya ukubwa huo, na ile inayopotea kwenye kuchaji, inaomba kama kilowati-saa 20, yaani 6.000 FC. Tofauti ni kubwa zaidi kuliko ya moto. Lakini gari ya umeme inakuja na bei ya kuinunua ambayo hapa ni hadithi, betri yake ni zito, na ukiipeleka kwenye Nasionali 5 wakati wa mvua, kule Ngomo, utaomba kusukumwa kama wengine wote. Uvira inatembea kwa magurudumu mawili. Tubaki hapo.

Sasa tuje kwa yule mwingine wa WhatsApp, anayesema umeme wenyewe hatuna. Huyo naye tumempa haki yake, sababu swali lake ndilo zito kuliko yote.

Kila mtaa wa Uvira unajua delestaji. Umeme unakuja wakati haukuambii, unaondoka wakati haukuagi. Mtu mwenye moto ya umeme atafanya nini usiku kama huo? Atafanya kile ambacho wenye salon, wenye kinyozi na wenye friji za samaki wanafanya: atawasha gurupe. Haya, hesabu ya gurupe ni hii. Gurupe ndogo ya esansi, ile unayobeba kwa mkono mmoja, inatoa kilowati-saa mbili hivi kwa litri moja, inayobaki yote inaenda kwa joto, moshi na kelele. Unahitaji kilowati-saa tano kwa kilomita 100. Kwa hiyo utachoma litri mbili na nusu.

Litri mbili na nusu! Ni ileile namba ya moto ya esansi tuliyoanza nayo. Umenunua moto ya bei kali, umenunua betri, umenunua gurupe, na bado unakunywa mafuta yaleyale kwa Kadhafi yuleyule. Kitu kimoja tu kimebadilika: moshi sasa unatokea nyuma ya nyumba badala ya barabarani.

Hii njo pointi yetu, wandugu, na tunaomba isomwe polepole. Swali la esansi na umeme Uvira haliko kwenye moto. Moto ya umeme imeshathibitika, inatembea Kigali, inatembea Nairobi, milima wanayo, mvua wanayo. Swali liko kwenye waya. Umeme ukitoka ukutani kwa saa zinazojulikana, motari anapata nusu ya gharama. Umeme ukitoka kwenye gurupe, anapata hasara. Katikati hakuna.

Na hapo hasira yetu inaanza, sababu maji tunayo.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye kimo cha mita karibu 1.460, na unaingia Tanganyika kwenye mita karibu 770. Karibu mita 700 za kuanguka, mlango kwa mlango na sisi. Wabelgiji waliliona hilo: Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwisho wa miaka ya 1950, karibu megawati 30. Ya pili ikaja 1989, ya pamoja kwa nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, chini ya SINELAC, karibu megawati 44 kwa makaratasi. Ya tatu, ya megawati 206, tumeisikia tangu tuko shule ya msingi, na leo tuko na lisansi. Sisi tunaishi mwisho wa mto huo. Kila siku maji yanapita na nguvu zake, yanaingia ziwani, na watoto wa Kavimvira wanasoma na tochi ya simu.

Mtu atasema: umeme wa sasa hautoshi hata kwa nyumba, mnataka kuuweka kwenye moto? Swali zuri. Tulifanya hesabu yake pia. Megawati moja, moja tu, ikitolewa usiku kwa saa sita, kati ya saa sita ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi, ni kilowati-saa 6.000. Gawa kwa tano. Ni moto 1.200 zinazoamka zimejaa, kila moja na kilomita 100 zake. Na hizo ni saa ambazo pasi zimezimwa, vinu vya mihogo vimenyamaza, redio zimelala. Hatuombi kumnyang'anya mama umeme wa kupikia. Tunaomba saa ambazo yeye analala.

Tena tuseme ukweli wote: leo moto hizo 1.200 za umeme hazipo Uvira. Hakuna atakayezileta kama hajui umeme utafika saa ngapi. Na wenye umeme watasema hawawezi kupanga saa za moto ambazo hazipo. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze kuinuka. Mahali kama hapo, kwa maoni yetu, njo Leta inapaswa kuonekana, sababu motari mmoja hawezi kuvunja ngojea hiyo peke yake.

Wengine walivunja. Tunajua jina la Kigali linauma kusikia hapa kwetu, na halitaacha kuuma kesho. Hatuandiki kuwasifu. Tunaandika sababu kitu chenye faida kwa motari ni chenye faida hata kikiwa kwa jirani tuliyekosana naye. Rwanda tangu 2021 iliondoa ushuru na TVA kwa vyombo vya umeme, na Kigali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 moto mpya za taksi zitakazoandikishwa ni za umeme tu. Kule motari hanunui betri. Anafika kwenye kituo, anatoa iliyoisha, anaweka iliyojaa, analipa, anaondoka, dakika chache tu. Kenya tangu 2023 iliweka bei ya umeme ya vyombo peke yake: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 kwa saa ambazo watu wengi hawatumii. Nusu bei usiku. Hiyo si miujiza, ni karatasi iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Na kwetu karatasi ziko. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme: mtu binafsi, kampuni, anaweza kuzalisha na kuuza. Kaskazini mwetu waliitumia. Kule Rutshuru kinu cha maji cha Matebe kilianza kutoa umeme 2015, na Goma ilipata kituo cha jua cha megawati 1,3 mwaka 2020. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba sheria haipo, ao kwamba katika Kivu haiwezekani. Jua la Uvira halijapungua kuliko la Goma. Mtu aliyesimama Kalundu saa saba ya mchana bila kofia anajua tunachosema. Kwa kilowati-saa tano kwa siku zinatosha pano nne hivi nzuri. Kituo chenye betri za kubadilishana kinaweza kuzichaji mchana wakati moto ziko kazini na betri nyingine, bila kungoja mto wala waya. Bei ya kilowati-saa hiyo itakuwa juu kuliko 300 zetu, tunakubali. Hata ikiwa mara mbili, 600 FC, jumla ya moto ya umeme inakuwa 5.800. Bado iko chini ya 8.500.

Lakini kuna jambo lingine ambalo hesabu ya karatasi inaficha, na hili wale wa semina hawalisemi.

Ile 105.000 FC ya mwezi, nani ataila?

Motari wetu wawili walicheka walipotuuliza hivyo. Mwenye moto akijua kwamba esansi imeshuka nusu, kesho yake versema itapanda. Atasema: moto hii ni ya bei kali, lazima irudishe pesa. Na kweli ni ya bei kali, hana kosa. Kisha atakuja mwenye betri. Kama mtu mmoja tu Uvira anamiliki vituo vyote vya kubadilisha betri, yeye atapanga bei, na siku akipandisha hutaenda kwa Kadhafi wa upande wa pili wa barabara, sababu moto yako haijui kunywa chupa. Esansi, pamoja na ubaya wake wote, inauzwa na watu mia moja. Betri inaweza kuuzwa na mtu mmoja. Hapo utakuwa umetoka kwa bosi mmoja na kuingia kwa mwingine, tena huyu wa pili ameshika na ufunguo.

Ndiyo sababu hatutaki kuona siku moja mtu mkubwa anashuka na kamera, anakata utepe wa kituo chenye jina lake, na vijana wanapiga makofi. Vyama vya motari viko hapa, vinajua kukusanya mchango wa ajali na wa msiba, vinaweza kukusanya na wa betri. Betri kumi za chama, pano za chama, daftari la chama linaloonekana na kila mwanachama. Kidogo, lakini chetu. Vituo viwili vya watu tofauti vinatosha kuzuia mmoja kujifanya mfalme.

Na hao Kadhafi je? Tusijifanye hatuwaoni. Ni vijana wenzetu, wengine tulisoma nao darasa moja. Chupa zile kwenye meza ndogo zinalipa minervali ya wadogo zao. Siku esansi itakapopungua, watapoteza. Hatuna jibu kamili. Tunachojua ni kwamba yule anayekaa kando ya barabara, anayejulikana na kila motari, na anayefungua saa kumi na moja ya asubuhi, ana kila kitu cha kuwa mtu wa kituo cha betri isipokuwa betri. Vituo vikianza, tunataka wao waitwe kwanza.

Tena kazi yao ya leo ni ya kifo. Hakuna mtu wa bonde hili asiyekumbuka Sange. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka pale kijijini kwenye Nasionali 5. Watu walikuja na vyombo kuchota kile kilichomwagika, sababu mafuta ni pesa. Wengine hawakuchota kitu, walikuwa ndani wanaangalia Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Sisi tulikuwa watoto, na bado tunakumbuka namna watu wazima wa Uvira walivyokaa kimya siku hizo. Mtu akikuletea hesabu ya esansi ambayo haina Sange ndani yake, hesabu hiyo haijaisha. Hatujui mstari gani wa daftari uandikwe hiyo. Betri nazo zinaweza kuwaka, hatusemi uongo, na zinataka kuchajiwa mahali penye hewa na mtu anayejua anachofanya. Lakini hakuna mtoto anayetumwa na bido kuchota umeme uliomwagika barabarani.

Jambo moja dogo, sababu tunaulizwa kila mara: «Si kobalti ni yetu, kwa nini betri tusipewe bure?» Kobalti inatoka Lualaba, ni kweli, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Mwaka 2022 nchi yetu na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kutengeneza betri huku huku. Lakini betri nyingi za moto siku hizi hazina kobalti hata chembe, wanatumia chuma na fosfati. Kwa hiyo wale wanaotuambia tukae tu, dunia itatupigia magoti kwa ajili ya kobalti, wawe na haraka kidogo.

Na ziwa? Mnajua barabara ya Kavimvira ilivyo maji yanapopanda, na hatujasahau Mulongwe ya Aprili 2020. Moto ya umeme inapita kwenye dimbwi bila shida, lakini kuizamisha ni jambo lingine. Kituo cha betri kisijengwe pale ambapo ziwa limeshaonyesha kwamba patakuwa pake. Hata joto letu linachosha betri haraka kuliko baridi ya Kigali, kwa hiyo chaji elfu moja tulizohesabu, hapa tusishangae zikipungua. Hata zikiwa mia saba, betri inakula dola moja na senti arobaini na kitu kwa kilomita 100, yaani FC 4.000. Jumla 5.500. Tuliirudia mara mbili tukidhani tumekosea. Bado inashinda.

Kwa hiyo tunachoomba kwa wakubwa wa mji, wa jimbo na wa umeme ni kidogo kuliko wanavyofikiri. Hatuombi moto. Hatuombi kuandikwa kwenye orodha ya wafadhiliwa. Ratiba ya umeme, kwa mtaa, iliyoandikwa na kubandikwa kwenye ukuta wa meri, na iheshimiwe. Hata ikiwa saa nne tu kwa usiku, tutazifanyia kazi. Konteri kwa anayelipa, ili mtu alipe kile alichotumia na si kile kilichokisiwa, sababu bila konteri hesabu yetu yote haina maana: hakuna anayeweza kujua kilowati-saa yake ni bei gani. Bei ya usiku. Na forodha pale Kavimvira na Kalundu isichukue betri na pano kama inavyochukua manukato.

Mpaka hapo watakapojibu, sisi tunaanza na kile tunachoweza. Tumefungua daftari. Kila mtaa mtu mmoja anaandika saa umeme unapofika na saa unapoondoka, kila siku, kwa miezi mitatu, bila kuongeza na bila kupunguza. Motari kumi wanaandika litri na kilomita. Kavimvira na Kasenga wameshaanza, Mulongwe wanaanza Jumatatu. Kalundu bado hatuna mtu.